Msimulizi na Msimuliwa: Nafasi ya Tukio na Funzo katika Insha ya Tawasifu ya Kiswahili

Ikisiri

Insha ya tawasifu, yaani utungo mfupi wa nathari ambamo mtu husimulia kwa nafsi ya kwanza jambo lililompata, hufundishwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki kwa kuanza na funzo na kumalizia na tukio. Makala haya yanadai kwamba mpangilio huo unaipokonya insha kiini chake, na kwamba chanzo chake ni msimuliwa, yaani yule anayeaminiwa kuisikiliza. Madai hayo yanachunguzwa kwa kupitia matini za Kiswahili za tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwishoni mwa karne ya 20, kutoka pwani, Tanganyika, Mombasa na Lubumbashi. Makala yanapendekeza vigezo vitatu vya kuitathmini insha ya aina hii: jicho la shahidi, umbali wa nyakati na sitara.

1.0 Utangulizi

Katika aina zote za insha zinazofundishwa darasani, insha ya tawasifu ndiyo pekee ambayo mwanafunzi anaijua mada yake kuliko mwalimu. Katika insha ya hoja mwalimu amesoma zaidi. Katika barua rasmi mwalimu anaujua muundo. Lakini siku mwanafunzi alipohama kijiji, alipofiwa au alipobeba maji kwa mara ya kwanza kwenye mtaa wa ugenini, mwalimu hakuwepo. Ingetarajiwa basi kwamba hapa ndipo tofauti kati ya mwandishi na mwandishi zingejitokeza wazi zaidi. Hali halisi ni kinyume. Insha hizi ndizo zinazofanana mno: jogoo anawika, moyo unadunda, wahenga wananukuliwa, na msimulizi anajifunza asichokuwa na haja ya kuishi ili akijue.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa sasa. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha ufundishaji wa Kiswahili shuleni, na mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mitaala inaandikwa, vitabu vya kiada vinatafutwa, na njia iliyo nyepesi ni kuchukua vielezo vya insha kutoka nchi zilizotangulia na kuvihamishia kwa jirani. Kabla mzigo huo haujavushwa mpaka, inafaa ufunguliwe na kukaguliwa.

2.0 Funzo linapotangulia tukio

Kielelezo kinachojulikana zaidi ni cha mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya. Katika karatasi ya insha, mtahiniwa hukutana mara kwa mara na swali linalomtaka atunge kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali fulani, na jingine linalomtaka aanze au amalize kisa kwa maneno aliyopewa. Maswali hayo yana sababu zake. Mtahini anasahihisha karatasi nyingi kwa muda mfupi na anahitaji kipimo kinacholingana kwa wote. Methali humpa mtahiniwa asiye na la kusema mahali pa kushika. Tena, kuhimiza tamathali za usemi ni kuhimiza utajiri wa lugha, jambo ambalo hakuna mpenzi wa Kiswahili anayeweza kulipuuza.

Hata hivyo, tazama jinsi methali inavyofanya kazi katika mazungumzo ya kawaida. Bibi hamwambii mjukuu "haraka haraka haina baraka" ili mjukuu aende akatafute haraka ya kufanya. Anasema hivyo kwa kuwa maziwa yamekwisha kumwagika. Katika matumizi hai, tukio hutangulia na methali hufuata. Na mara nyingi mwingine aliyeketi barazani hujibu kwa methali inayopingana nayo, kwa kuwa ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Methali ni neno la mwisho la muda, na mlango wa mjadala hubaki wazi. Swali la mtihani linageuza mpangilio huo: methali inatolewa kwanza, nayo maisha yanatakiwa yapatikane ili kuitii. Hivyo, kinachodaiwa kuwa ni kuenzi hekima ya wahenga ni kuitumia kwa namna ambayo wahenga hawakuitumia.

Mifano miwili iliyobuniwa kwa ajili ya uchambuzi huu itadhihirisha athari zake.

(1) Siku hiyo nilirauka majogoo yalipowika. Moyo ulinidunda kama ngoma na kijasho chembamba kikanitiririka. Mama yangu mpenzi alikuwa mgonjwa mahututi. Nilipiga moyo konde nikashika njia. Hakika, wahenga hawakukosea waliponena kuwa nani kama mama.

(2) Tulifika zahanati saa nne. Tukaambiwa tungoje. Nikakaa karibu na mlango, mahali ambapo nesi angeniona akitoka. Mama alikuwa akiniuliza kila mara kama jina lake limeitwa, nami nikimjibu kwamba bado. Pesa za kadi zilikuwa mfukoni mwangu, zikiwa pungufu kwa shilingi 200, naye hakujua.

Mfano wa kwanza una tashbihi, nahau na marejeleo ya wahenga. Kwa mwongozo wa usahihishaji wa kawaida ungepata alama nzuri za mtindo. Mfano wa pili hauna hata kimoja. Lakini katika (1) hakuna neno ambalo asiyekuwepo asingeweza kuliandika, ilhali katika (2) kila sentensi ina kitu ambacho ni wa pale tu anakijua: mahali pa kukaa, swali linalorudiwa, upungufu ulio mfukoni. Mtoto wa (1) anaupenda uzazi kwa jumla. Mtoto wa (2) ana mama mmoja, na ana siri anayomfichia kwa ajili yake. Msomaji wa (2) hahitaji kuambiwa nani ni kama nani.

3.0 "Safari yangu": mimi anayemwandikia mwajiri

Huenda ikadhaniwa kwamba insha isiyo na funzo la wazi ni desturi ya kigeni inayobandikwa juu ya Kiswahili. Ushahidi wa matini hauafiki dhana hiyo. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, ambamo waandishi wa pwani wanasimulia safari zao kwa nafsi ya kwanza. Miongoni mwao ni Selim bin Abakari, aliyesafiri mwaka 1896 akiwa na mwajiri wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia, pamoja na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyesimulia safari yake ya Udoe hadi Uzigua na ambaye baadaye alifundisha Kiswahili Berlin. Neno "yangu" katika anwani kama "Safari yangu" lina uzito: linadai umiliki wa jambo lililoonwa. Waandishi hawa wanahesabu siku, wanataja vituo, wanaeleza vyakula, mavazi na desturi za wenyeji, na wanalinganisha wanayoyaona na ya kwao. Mwafrika wa pwani anawatazama watu wa Ulaya na Asia kwa jicho lilelile la kuchunguza ambalo wasafiri wa Ulaya walilitumia Afrika.

Hata hivyo, uhodari huo una mipaka, na mipaka hiyo inafundisha. Matini hizi ziliandikwa kwa kuhimizwa na mwanazuoni wa dola ambayo wakati huo ilikuwa inaitawala nchi ya waandishi. Msimulizi ana jicho kali kwa kila alichokiona isipokuwa uhusiano wake na yule anayemwandikia. Ujira wake, manung'uniko yake, na alivyojiona alipotazamwa na wengine njiani havipewi nafasi inayolingana na ile ya vyakula na mavazi. Vivyo hivyo kwa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika kwa kuhimizwa na Heinrich Brode na yaliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kuna bei za pembe, majina ya watemi, hesabu za bunduki na ya mikataba, lakini wale waliotekwa na kuuzwa wanapita katika simulizi kama sehemu ya mizigo. Msimuliwa alitaka habari za safari na biashara, na habari hizo ndizo alizopewa.

Hoja inayojengeka hapa ni kwamba "mimi" wa tawasifu hasimami peke yake. Nyuma ya kila "mimi" kuna "wewe" ambaye matarajio yake yanaamua yapi yanasemeka. Mtahini na mwajiri wanatofautiana kwa mengi, ila katika hili wanalingana: wote wawili wanajua wanachokitaka kabla simulizi haijaanza.

4.0 Shaaban Robert na adabu ya kutosema

Mwandishi aliyeifikiria zaidi insha ya Kiswahili katika kipindi cha ukoloni ni Shaaban Robert. Alichapisha Kielezo cha Insha mwaka 1954, na miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1949, ilikuwa imetoka tawasifu yake, Maisha Yangu. Wahakiki wamebaini jambo moja la kushangaza katika tawasifu hiyo: haikai na utoto. Msomaji anayetarajia kuzaliwa, wazazi na michezo ya kitoto anamkuta mtu mzima, karani wa serikali, mwenye ndoa na majukumu. Mwandishi wa aina hii anaelekea kuamini kwamba maisha yanayostahili kusimuliwa ni yale ambayo mtu anaweza kuyatolea hesabu.

Kwa mtazamo wa haraka, Maisha Yangu ni mfano kamili wa funzo kutawala tukio. Msimulizi hupima kila tendo kwa mizani ya wajibu. Lakini kuna sehemu ambapo mizani hiyo inashindwa, nayo ni pale anapofikia kifo cha mkewe, Amina. Hapo nathari inanyamaza na ushairi unaingia. Mabadiliko hayo si pambo. Nathari ya karani ilikuwa imezoea kueleza sababu na matokeo, kupandishwa cheo na kuhamishwa. Haikuwa na chombo cha kubebea msiba usiokuwa na sababu. Mwandishi akachukua chombo ambacho utamaduni wake ulikuwa umekwisha kukiandaa kwa kazi hiyo, yaani ushairi wa maombolezo. Tukio limekataa kuwa funzo, naye mwandishi ameliheshimu kwa kubadili utanzu.

Hapa ndipo dhana ya sitara inapoingia. Katika jamii ya Waswahili, kuyaanika ya ndani mbele ya kadamnasi ni utovu wa adabu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wapo wanaohitimisha kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili hakiwezi kuzaa insha ya tawasifu yenye ukweli. Hitimisho hilo linachanganya kufunika na kudanganya. Shaaban Robert hasemi yote kuhusu ndoa yake, lakini anachokisema kinamwezesha msomaji kuona kwamba kuna pazia na kukisia ukubwa wa kilichopo nyuma yake. Insha ya majogoo na kijasho chembamba haina pazia, kwa kuwa nyuma yake hamna kitu.

Hata hivyo sitara ina upande wa pili ambao mhakiki hapaswi kuupamba. Anayesitiriwa ni nani? Msimulizi anapoficha jeraha lake, ni haki yake. Anapotakiwa na mila au na cheo kumfichia aliyemjeruhi, sitara imekuwa kufuli mkononi mwa mwingine. Pale ambapo msimulizi ni mtumishi na msimuliwa ni bwana, tofauti hiyo inapaswa kuulizwa kila mara.

5.0 Sauti za Mombasa na Lubumbashi

Msimuliwa anapobadilika, kinachosemwa nacho hubadilika. Masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1991 kwa jina Wanawake Watatu wa Kiswahili, ni ushahidi mzuri. Bi Kaje wa Mwenye Matano na wenzake wawili hawakuandika. Waliwasimulia wanawake walioketi nao na kuwauliza. Ndoa, talaka, kazi, ngoma na uhusiano wa mabwana na watumwa katika nyumba za mji vinapata nafasi ambayo safari za mwaka 1901 hazikuvipa. Sitara haikuondoka. Iliwekwa mahali pengine, kwa kuwa mbele ya mwanamke aliyekuja kusikiliza mengi yanayofichwa barazani huweza kusemwa.

Huko Lubumbashi hali ni tofauti tena. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mji huo, historia ya Elisabethville kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Matini hiyo, iliyohaririwa na Johannes Fabian na kutolewa upya mwaka 1990, inatawaliwa na kiambishi tu-. Aliyepika, aliyefua na aliyeitwa "boi" anazungumza na wenzake waliopika na kufua. Hana haja ya kumweleza msimuliwa jikoni kulivyokuwa, ila ana haja kubwa ya kuhakikisha hapasahauliki. Hapa insha ya nafsi ya kwanza wingi inatimiza kazi ambayo nafsi ya kwanza umoja isingeweza: inawaweka watu wasiotajwa katika historia rasmi ndani ya historia kama mashahidi.

Kisa cha pili cha Katanga kinahusu mtu ambaye Jan Blommaert, katika kitabu chake cha mwaka 2008, anamwita Julien. Katika miaka ya 1990 alimwandikia aliyekuwa mwajiri wake, mwanamke wa Kibelgiji, historia ya maisha yake, na akaiandika mara tatu, kwa Kiswahili cha Shaba kilichochanganyika na Kifaransa. Kurudia huko kuna maana kwa mhakiki. Mtu asiyekuwa na kabati la nyaraka wala shajara hujenga kumbukumbu kwa kuiandika tena na tena, kila toleo likiwa msingi wa lifuatalo. Darasani, rasimu ya pili huhesabiwa kuwa usafishaji wa makosa. Kwa Julien kuandika upya ndiko kukumbuka kwenyewe.

Matini hizi mbili za Katanga zingeshindwa mtihani wa insha. Upatanisho wa kisarufi haufuati kaida za Kiswahili sanifu, tahajia ni ya masikio, na Kifaransa kimejaa. Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu angefika mwisho wa ukurasa bila kujua kwamba amesoma ushahidi. Hatari hii inamkabili sasa mwanafunzi wa Bukavu, Goma au Bujumbura ambaye Kiswahili alichokiishi sicho Kiswahili cha kitabu chake. Akiambiwa kwamba lugha ya tukio lake ni kosa, atatafuta tukio jingine lisilokuwa lake ambalo lugha yake imekwisha kupigwa pasi.

6.0 Vigezo vitatu

Uchambuzi huu unaelekea kwenye vigezo vitatu vinavyoweza kutumika darasani na katika uhakiki.

Cha kwanza ni jicho la shahidi. Swali la kuuliza ni: je, kuna jambo hapa ambalo asiyekuwepo asingelijua? Kigezo hiki hakihitaji tukio kubwa. Shilingi 200 zinazopungua mfukoni ni ushahidi kuliko ajali ya basi iliyokopwa kwenye kitabu cha mifano.

Cha pili ni umbali wa nyakati. Insha ya tawasifu ina watu wawili wanaotumia kiambishi kimoja: ni- wa wakati ule na ni- wa wakati wa kuandika. Sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kuwatenganisha. Kiambishi -ka- humruhusu msimulizi kutembea hatua kwa hatua na yule wa zamani, asijue kinachokuja: "tukaambiwa tungoje, nikakaa". Kiambishi -ngali- humleta anayejua sasa: "ningalijua, nisingalikaa". Hali ya hu- hugeuza tukio moja kuwa desturi, na kwa hiyo inahitaji tahadhari, kwani huo ndio mlango ambao funzo huingilia mapema. Mwanafunzi anayefundishwa viambishi hivi kama njia za kukumbuka atavielewa kuliko anayevikariri katika jedwali.

Cha tatu ni sitara. Mhakiki achunguze kilichofunikwa, aliyekifunika na anayelindwa. Insha nzuri haidaiwi kusema yote. Inadaiwa isijaze kwa maneno ya wahenga pengo ambalo msimulizi amechagua kuliacha.

Vigezo hivi havifuti methali wala tamathali. Vinazirudisha mahali pake: baada ya tukio, pale msimulizi anapozihitaji, pengine kwa kuzipinga. Wala havitupi Kiswahili sanifu. Mwalimu anaweza kusoma mara mbili, mara ya kwanza akiwa msimuliwa na mara ya pili akiwa msahihishaji, kwa mpangilio huo, na alama za usomaji wa kwanza zisifutwe na makosa ya usomaji wa pili.

7.0 Hitimisho

Matini zilizochunguzwa zinaonyesha kwamba Kiswahili kina urithi mrefu wa mtu kusimulia yaliyompata, na kwamba nguvu ya urithi huo hupanda au kushuka kulingana na yule anayesimuliwa. Msafiri alimpa mwajiri alichokitaka. Wanawake wa Mombasa waliwapa wasikilizaji wao zaidi. Watumishi wa Lubumbashi walipeana wao kwa wao kile ambacho hakuna aliyewaomba. Msimuliwa wa mwanafunzi wa leo ni mtahini, na mtahini ametaja methali kabla mwanafunzi hajafungua kinywa.

Nchi zinazoandaa sasa mitaala ya Kiswahili zina nafasi ambayo wenzao waliotangulia waliipata na kuitumia kwa namna nyingine. Swali la insha linaweza kuandikwa hivi: simulia jambo uliloliona, ukimwambia mtu mmoja unayemtaja ambaye hakuwepo. Swali hilo halihitaji kitabu kipya wala bajeti. Linahitaji mtahini aliye tayari kusoma kitu asichokijua mwisho wake.